Sehemu ya Nne ya Kitabu cha Mwalimu

Jumamosi hiyo Fundi wa vitabu aliomba mvua inyeshe, wageni wasije. Jua likawaka kama limetumwa. Saa tisa kamili wote watatu walikuwa wameshajipanga kwenye benchi la karakana yake: Mwalimu mstaafu, Dobi wa mtaa wa pili, na Nesi aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu.

Kitabu cha kujadiliwa kilikuwa cha Mwalimu, kinene kama tofali. Riwaya ya enzi za kale, ya vita vya wafalme wawili, vibwengo wenye mabawa, na mchawi wa jeshi aliyempa malkia wa vibwengo kivuli chake ili afundishwe uchawi. Nakala ilikuwa moja, wasomaji wanne, na hakuna mwenye subira. Fundi akafumua mshono, akakigawa sehemu nne. Tatu wakazungushiana. Ya nne walikubaliana isiguswe na mtu, Fundi aje awasomee kwa sauti siku ya mjadala, maana mdomo wa Dobi hauna breki, angetangaza mwisho hadi kwa wateja.

Sasa hiyo ya nne haikuwapo. Fundi alijua ilipo, na hilo ndilo lililomtoa jasho. Wiki iliyopita, akimtengenezea Mwalimu jalada jipya kama zawadi, alifanya kama afanyavyo siku zote: alizoa karatasi chakavu mezani, akazipaka gundi ya unga, akazibandika moja juu ya nyingine mpaka zikawa ngumu kama ubao. Miaka ishirini na sita ya ufundi hajawahi kuangalia kilichoandikwa kwenye chakavu. Safari hii alibandika kurasa themanini za Mwalimu.

"Mimi sikielewi hiki kitabu," Dobi alianza kabla hajakaa vizuri. "Miaka saba vitani, mashati meupe pee! Nani anafua? Mwandishi kanyamaza."

"Vibwengo wanafua," alisema Nesi.

"Kwa sabuni gani?"

"Wewe na sabuni yako! Mimi nauliza kidonda. Mtu utumbo uko nje, malkia anamshika hajanawa hata mikono, halafu eti kapona. Uchawi sawa, usafi je?"

Walivutana hivyo nusu saa nzima, Mwalimu akicheka mpaka anavua miwani kufuta machozi. Fundi peke yake hakucheka. Alikuwa amelikalia jalada.

"Haya, Fundi," alisema Mwalimu. "Tusomee. Kivuli kilirudi, hakikurudi?"

"Nimeisahau nyumbani," alisema Fundi. "Lakini nimeisoma. Nitawasimulia."

Akaanza kutunga. Mchawi akavuka mto wa barafu, akamwimbia malkia wimbo wa mama yake. Malkia akalia, akafungua kabati, na kivuli kikatoka kikatembea chenyewe hadi kwa mwenyewe, kikapangusa miguu mlangoni. Nesi akapenga kamasi. Dobi akapiga makofi.

Mwalimu hakupiga makofi.

"Marehemu mume wangu ndiye aliyekuwa akinisomea kitabu hiki," alisema. "Tuliishia sehemu ya tatu. Miaka minne sijathubutu kuifunua ya nne peke yangu. Ndiyo maana nilikileta hapa, niusikie mwisho nikiwa na watu. Ahsante, mwanangu. Umenimalizia."

Aibu ilimshika Fundi mpaka masikio yakawaka moto. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Akainuka, akalichomoa jalada pale alipolikalia.

"Mama, nisamehe. Nimekudanganya, sijaisoma hata mstari mmoja. Mwisho wa kitabu chako umo humu ndani. Nimeubandika mwenyewe."

Mwalimu akalipokea, akaligonga kwa kidole. Ko, ko.

"Gundi gani?" Dobi aliuliza.

"Ya unga."

"Ya unga, na nyie mmekaa! Leteni beseni na maji ya vuguvugu. Asiguse mtu, hii kazi yangu."

Saa kumi na moja karatasi zote zilikuwa zinaning'inia kwenye kamba za nguo uani, kila moja na kibanio chake, Nesi amezipanga kwa namba. Mwalimu alitembea kando ya kamba akisoma kwa sauti, akizunguka nyuma ya kila karatasi kusoma upande wa pili, na wenzake wakisogea naye hatua kwa hatua.

Alipofika karatasi ya mwisho alisimama. Akaitazama bila kuisoma, akaitoa kwenye kibanio ikiwa bado mbichi, akailaza juu ya kiganja.

"Hizo nyingine kazishone," alimwambia Fundi. "Hii nitaisomea nyumbani. Kiti cha marehemu bado kipo."

Dobi alifungua mdomo aulize habari za kivuli. Akaufunga, akaenda kumfungulia mlango.