Ungo Mzima wa Viazi

Nimekaa mahali pengi, lakini Igalula nilikaa zaidi kuliko nilivyokusudia. Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya Hitla, nami nilikuwa kwenye gengi la reli, kazi yetu kubadilisha mataruma yanayobeba reli. Mimi ni Mgogo. Wenzangu karibu wote walikuwa Wanyamwezi, na hao ni watani zetu tangu zamani za misafara, wapagazi wao walipokuwa wakipita kwetu kwenda pwani. Mtani akikutukana huna ruhusa ya kununa. Akikamata kitu chako akasema amekiokota, basi kimeokotwa, utakikomboa kwanza ndipo ukichukue.

Jirani yangu Hilari, naye Mnyamwezi, alikuwa mshika bendera wa stesheni. Mkewe, Koleta, aliuza viazi vitamu vya kuchemsha kwa abiria. Mtoto wao Bertila ndiyo kwanza anatembea, na kutwa alishinda nyumba ya pili kwa Apolinaria. Hatimaye akawa anamwita Apolinaria mama, na mama yake mzazi akamwita Koleta, kama alivyosikia watu wazima wakimwita. Tulicheka wote. Koleta naye alicheka, halafu akabeba ndoo kwenda kuchota maji, na mtungi ulikuwa umejaa.

Kwa Hilari ndiyo zaidi. Akirudi na bendera zake, mtoto alimkimbia.

Basi Hilari akamwita mama yake, Veneranda, kutoka Isikizya. Hakuwa mtu mbaya yule bibi. Alikaa siku kadhaa akitazama, kisha akasema, "Mmoja anakimbilia gari moshi, mwingine analiruhusu liende. Huyu analelewa na nani? Nitakwenda naye. Akipata akili mtamfuata."

"Sawa, mayu," Koleta akajibu. Ndivyo wanavyomwita mama.

Jioni nilimsikia ng'ambo ya ua akimwambia Apolinaria, "Ningebisha, dada. Lakini nibishe kwa lipi?"

Siku ya safari gari moshi lilifika asubuhi. Koleta alikwenda stesheni na ungo wake kichwani kama kawaida. Alisema atauza kwanza, kisha aage. Bibi alisimama pembeni na kuku ndani ya tenga, Bertila ameketi juu ya furushi la nguo zake, na Apolinaria kando yao amekuja kuaga. Mimi nilikuwa na njaa. Nilipomwona yule kuku nikasema moyoni, leo mtani wangu hasafiri bure. Nikamnyanyua mtoto.

"Shikamoo, bibi. Nimeokota mtoto."

"Marahaba, mwizi. Mweke chini. Njaa yenu Wagogo haiishi?"

"Huyu hana mwenyewe. Anayemtaka amkomboe!"

Abiria wakatoa vichwa madirishani. Bibi akacheka, akafungua tenga, akamtoa kuku kwa mabawa. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono, ila mdomo wangu haujui kuishia njiani. Nikamgeukia Koleta, aliyekuwa chini ya dirisha akimhudumia mtu.

"Na wewe ni Mnyamwezi wa wapi? Babu zenu walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo. Wewe mzigo wenyewe haufiki hata debe la mahindi, umeshautua?"

Watu walivunjika mbavu. Koleta hakucheka. Nikaona nimegusa kidonda, na mtani haombi radhi.

Yule abiria alikuwa ameshanyoosha mkono apokee viazi vyake. Koleta akamwacha hivyo hivyo, akaja, akautua ungo mzima miguuni pangu.

"Chukua, mtani. Nipe mzigo wangu."

"Vyote?"

"Vyote."

"Koleta," bibi akasema, "kuku nimeshamtoa."

"Umemtoa, mayu. Hajampokea."

Akamchukua mtoto, akamfunga mgongoni kwa kanga. Bertila akaanza kulia, mikono ameielekeza kwa Apolinaria.

"Unaona? Anakulilia huyo?"

"Hanililii, mayu. Lakini atalia akiwa hapa hapa."

Dereva akapiga honi. Hilari alikuwa kule mwisho, bendera ya kijani ameikunja mkononi, akimtazama mama yake, akimtazama mkewe. Honi ikalia tena.

"Hilari!" bibi akaita. "Husemi kitu?"

"Panda, mayu," akasema. "Gari linaondoka."

Akaikunjua bendera.

Bibi akapanda na kuku wake. Gari lilipoanza kutembea, furushi la nguo za mtoto likatupwa nje kupitia dirishani.

"Wewe Mgogo! Hivyo viazi vikukwame!"

"Na kuku akutoroke!" nikamjibu.

Viazi nikavigawa kwa gengi zima. Kurudisha nisingeweza, kilichokomboa hakirudi.

Tangu siku hiyo Koleta aliuza na mtoto mgongoni. Aliuza kidogo kuliko mwanzo, na wapo abiria waliomwambia, "Mama, jua lote hili na mtoto, huna huruma?" Aliwapa chenji zao akasogea dirisha la pili. Siku za jua kali alimpeleka kwa Apolinaria, akarudi stesheni ameinamisha uso. Hilari naye alijifunza kuziacha bendera nje ya mlango kabla hajaingia.

Nilipochoka na Igalula nikafunga mzigo wangu kwenda kuchunga ng'ombe upande wa Ziba. Nilipita stesheni kuaga. Bertila aliponiona na furushi begani akajificha nyuma ya mama yake, akaishika kanga yake kwa mikono miwili.

"Koleta," akasema, "mwizi huyo!"