Nyota Inayofupisha Pumzi

Wenzake kazini walimbandika jina la Kiguu na Njia, kwa sababu hata akikaa alikuwa kama anatembea: mguu ukitikisika chini ya meza, vidole vikigonga kikombe. Lakini wiki ile alizidi. Alifungua dirisha la ofisi, akalifunga, akalifungua tena. Mwenziwe wa meza ya pili, mwanafizikia mpenda utani, akashindwa kuvumilia.

"Dada, kaa chini. Nyota yako imeishi mabilioni ya miaka, haitakimbia leo."

"Ndiyo shida yenyewe," alijibu. "Inakimbia."

Kazi yake ilikuwa kuchunguza nyota zilizokula chumvi nyingi: zile zilizomaliza hidrojeni, gesi inayowaka katika viini vyao, zikavimba, zikawa nyekundu, na sasa zinatanuka na kusinyaa kama kifua cha mtu anayehema. Kati ya hizo, moja aliifuatilia kuliko zote. Pumzi yake moja ilichukua zaidi ya mwaka. Katika vipimo vipya, kila pumzi ilikuwa fupi kuliko iliyoitangulia, na mwanga wenyewe ulikuwa umepungua. Kama hakukosea, maana yake ni kwamba chini kabisa, karibu na kiini, gesi ya heliamu imelipuka, na nyota nzima inajipanga upya. Wanasayansi waliowahi kuiona nyota ikiwa katikati ya badiliko hilo ni wa kuhesabika.

Ijumaa angesimama ukumbini kuwaeleza wenzake. Hilo halikumnyima usingizi. Kilichomnyima usingizi ni baba mkwe wake, Profesa, ambaye alitumia ujana wake wote juu ya nyota hiyohiyo na kuitangaza kuwa tulivu, isiyotarajiwa kubadilika kwa maelfu ya miaka. Alikuwa amestaafu, lakini mihadhara hakosi.

"Usimwambie," mumewe, mfamasia, alimshauri huku akivua viatu mlangoni. "Baba unamjua. Atakuharibia wiki."

"Kwa hiyo asikie mbele za watu kwamba mkamwana wake amemkosoa?"

"Mimi simo," mumewe alisema, akaenda kuoga.

Kesho yake mchana akaenda kwa wakwe. Mama mkwe alimpokea kwa furaha. "Karibu mwanangu! Leo umekuja kunisomea nyota yangu?"

"Mama, nyota ninazosoma mimi hazijui habari za mtu."

"Basi umesoma bure," mama akacheka, akamwachia njia ya sebuleni.

Profesa alimsikiliza bila kumkatiza, mikono ameiweka magotini. Alipomaliza, mzee aliuliza neno moja tu. "Kile kioo cha kuchuja mwanga, kichujio cha kamera ya darubini, kilibadilishwa lini?"

"Sijui kama kilibadilishwa, Baba."

"Hujui. Na Ijumaa unasimama."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililouma. Kiguu na Njia aliaga chai ikiwa bado ya moto, akarudi ofisini kwa mwendo wa mtu aliyeacha pasi kwenye umeme. Alimpigia fundi wa darubini kule mlimani. Fundi hakufikiri hata kidogo: ndiyo, kichujio cha zamani kilipasuka, wakaweka kingine, na taarifa walituma.

Taarifa ilikuwepo, miongoni mwa barua pepe ambazo hakuzifungua.

Kumbe mwanga haukupungua! Kilikuwa kioo kipya tu. Alizunguka meza, akatoka koridoni, akarudi, akatoka tena. Alitaka kupiga simu kuahirisha mhadhara, akabonyeza namba, akakata. Mwenziwe wa meza ya pili safari hii hakutania. Aliuliza taratibu, "Sasa pumzi nazo? Nazo ni kioo?"

Akasimama palepale. Mtu akivaa miwani ya giza, jua litafifia machoni pake, lakini saa sita ya mchana haitasogea. Kichujio kingeweza kudanganya juu ya ukali wa mwanga. Wakati wa nyota kufika kilele cha mwanga wake kisingeweza kuusogeza. Akaufuta mchoro wote wa mwanga. Akabaki na nyakati za vilele, akazipanga upya, na mbele yake akaunganisha vipimo vya zamani vya Profesa ili mstari uwe mrefu. Alipoutazama mstari ule, akaweka kidole pale ulipoanza kushuka. Mteremko haukuanzia kwake. Ulianzia kwenye vipimo vya mwisho vya mzee.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Alianza kwa kusema kwamba nusu ya aliyotaka kuyaeleza si kweli, na kwamba aliyegundua kosa ameketi safu ya tatu. Kisha akaonyesha nusu iliyobaki. Profesa akanyoosha mkono.

"Hizi alama za kushoto, vipimo vya nani?"

"Vyako, Baba."

Watu wakacheka kidogo kwa lile "Baba". Profesa hakucheka. Aliinuka, akaenda hadi kwenye skrini, akasimama karibu sana kama anayesoma maandishi madogo.

"Hivi vitatu navikumbuka," alisema. "Nilidhani ni mkono wangu umechoka." Akachukua kofia yake, akatoka. Chai ya baada ya mhadhara hakunywa.

Baada ya hapo kimya. Kituo kingine cha utafiti kilithibitisha nyakati za vilele, pongezi zikamiminika, lakini kwa wakwe hakuna neno. "Amenuna na nyota, si na wewe," mama mkwe alimwambia kwenye simu, ila hakusikika kama anayeamini. Halafu jua likasogea upande wa nyota ile na kuifunika, kama kila mwaka, na kwa miezi kadhaa hapakuwa na cha kupima. Kilele kilichofuata kingeweza kupita bila shahidi. Kiguu na Njia alipiga deki nyumba iliyokwisha pigwa deki. Mumewe alianza kumkimbia jikoni.

Alfajiri moja, geti likagongwa. Alikuwa Profesa, amevaa koti, darubini ya mkononi ikining'inia shingoni.

"Leo inachomoza kabla ya jua," alisema, pasipo hata salamu. "Paa lenu liko wazi?"

"Shikamoo, Baba. Liko wazi."

Walipanda. Nyota ilikuwa chini, mashariki, nyekundu kama kaa la sigara. Mzee aliilinganisha na nyota jirani, akampa mkwewe darubini. Naye akatazama. Ilikuwa imeshafifia mno kwa tarehe ile. Kilele kilikwisha pita, mapema kuliko hata alivyokadiria yeye.

"Kwa hiyo hata hesabu yangu ni ya polepole," Kiguu na Njia alisema.

"Polepole sana," Profesa alijibu. "Hesabu ya kasi hii utaitoa wapi sasa?"

Wakabishana pale juu ya paa, sauti zikipanda, mpaka mbingu ikawa nyeupe na mumewe akapaza sauti kutoka chini kuuliza kama kuna usalama.