Tumbo la Namuar

Namuar aliketi kwenye ncha ya benchi la hospitali ili asiwachafue wengine. Damu ilikuwa ikimtoka njia nzima tangu Kakuma, na mwezi uliopita pia, na mwezi ule mwingine. Viganja vyake vilikuwa vimepauka hadi muuguzi akavigeuza kuviangalia tena.

Daktari alimweleza vizuri, hilo tusimnyime. Uvimbe kwenye kizazi ulikuwa mkubwa. Tembe za kupunguza utokaji wa damu alishazimeza, hazikufua dafu. Sindano ingeusinyaza kwa muda tu, kisha urudi. Kitanzi cha homoni kisingekaa ndani ya kizazi kilichopindika hivyo. Kuutoa uvimbe peke yake kulihitaji mtaalamu ambaye hospitali hiyo haikuwa naye.

"Iliyobaki ni kukitoa chote," akasema. "Hiyo naweza kesho. Lakini mama, hutazaa tena."

"Kesho ni sawa. Nimezaa. Hao wenye wako nyumbani wanataka mama."

Daktari akamgeukia shemeji wa Namuar, Emuria, aliyekalia kigoda alichokuja nacho kutoka nyumbani.

"Ndugu yangu, bwana yake, ako na mifugo huko Kaikor," Emuria akasema. "Hiyo kizazi ni ya boma yetu. Hakuna kukata."

"Bila neno la mume siwezi," daktari akasema. Sheria haikumdai hivyo, naye alijua. Aliogopa rungu za akina Emuria tu.

Namuar akacheka kwa hasira. "Mume gani? Emuria, sema hapa. Ng'ombe za baba yangu mlimaliza kuleta?"

Emuria akainuka, akaokota kigoda chake. Kwa Waturkana, asiyemaliza mahari hana usemi. Hata watoto huhesabiwa wa babu yao mzaa mama.

"Umeona, daktari? Hii kizazi si yao."

Daktari akapumua, kama aliyetuliwa mzigo. "Basi ni ya baba yako. Mlete."

"Baba alikufa."

"Basi kaka."

Hapo Namuar akachoka nao wote. Akapanda kitanda cha kupimia, akalala chali, akashika vyuma vya pembeni. "Sitoki. Kata, ama nikufie hapa muanze kutafuta mwenye maiti."

Askari akaitwa. Alifika hadi pale damu ilipokuwa ikidondoka sakafuni, akavuta buti zake nyuma.

"Wewe ndio mwenyewe," akamwambia Emuria. "Mshike umtoe."

Emuria alikuwa ameshafika mlangoni, kigoda mkononi. "Huyo si wetu," akasema. "Ng'ombe za baba yake hatujamaliza."

Damu ikaendelea kudondoka. Namuar hakuachia vyuma.