Spana ya Ndege Namba Saba

...na hapo ndipo kalamu ya binti ilipokwama, chini ya picha ya ndege saba za mashambulizi, kwa kuwa kurasa nyingine zote za historia ya kikosi alikwisha kuzimaliza, mwaka wa kuundwa, makamanda, waliokufa, ukabaki mstari huu mmoja, kwa nini namba saba haikuruka siku ya kulipua daraja, na rubani wake mwenyewe amekaa mbele yake, mzee sasa, anakoroga chai, kijiko kinagonga kikombe, anasema, "Andika tu, mwanangu, spana ilipotea, na aliyeipoteza ni baba yako, Mungu amrehemu, mimi sina kinyongo," lakini anacho, tena cha miaka arobaini, wenzake sita waliruka, wawili hawakurudi, naye akabaki chini kama kuku aliyefungwa mguu... "Sheria haikuwa na masihara," anaendelea, ajabu, kana kwamba binti wa fundi haijui, ubaoni kila zana ilichorewa umbo lake kwa rangi nyeupe, umbo moja likibaki tupu ndege hairuki, huenda chuma kimesahauliwa ndani ya injini, na baba akavuliwa cheo, akaitwa Bwana Spana mpaka anastaafu, hata kwenye harusi ya dada mtu alipaza sauti, "Bwana Spana, bibi harusi umemhesabu?", ukumbi ukaangua kicheko, baba naye akacheka, akafuta miwani... na spana hiyo hapo, mfukoni mwa gauni lake, saba imegongwa kwenye mpini, aliikuta juzi ndani ya mto wa kulalia wa marehemu mama, imeshonewa humo kwa uzi wa mikunjo miwili, na kitu kilichosahauliwa mfukoni hurudishwa kesho yake, hakishonewi ndani ya mto, kwa hiyo baba aliificha, lakini kwa nini, mtu aliyehesabu hata vifungo vya shati kabla ya kulifua, haukuwa woga, si yeye aliyekuwa anaruka... "Siku tatu hatujalala," mzee anasema, "hata mikanda ya kiti nilifungwa na baba yako, kama mtoto mchanga, halafu huyo akashuka ngazi, akahesabu zana, eti moja haipo!" ... mikanda, ngoja, daftari la baba la siku ile, injini nzuri, breki nzuri, mabomu yamefungwa, na pembeni kwa penseli, rubani, mikono inatetemeka, binti aliyasoma maneno hayo mara ngapi akayapita, maana katika fomu hakuna mahali pa mikono, fundi hutia saini ya ndege, hatii saini ya mtu, baba angemwambia nani, kamanda angemwona rubani mwoga, basi akatafuta kitu ambacho sheria ingekisikia, spana moja, akaibeba aibu yeye, na mama akaishonea... je, akimwambia mzee huyu, atakuwa amempunguzia mzigo au amemtwisha mwingine, na mikono ile sasa imetulia kabisa, yenye madoa ya uzee, inakoroga, inakoroga...

"Umeandika?"

"Bado, mzee," anasema, vidole vyake viko mfukoni, juu ya chuma kilichopata joto la mwili, "kwanza niambie, baba alipokuwa anakufunga mikanda, alikuwa anatazama wapi?" na kijiko kinaendelea kugonga kikombe.