Mheshimiwa Hapatikani

Diwani Alute wa kata ya Mgungani, huko mbele ya Mitundu ukishika njia ya Rungwa, alikuwa na sifa moja ambayo hata wapinzani wake hawakumnyima: namba yake ya simu kila mtu alikuwa nayo. Wakati wa kampeni aliichapisha kwenye kalenda, kwenye fulana, hata kwenye mifuko ya chumvi. Alipanda juu ya gari akaitaja tarakimu moja moja, kama mwalimu wa darasa la kwanza, na umati ukaitikia.

"Ukiwa na shida, nipigie!" alisema. "Mimi si kiongozi wa kutafutwa kwa tochi."

Wakamchagua. Tangu siku alipoapishwa, kila aliyempigia alipokewa na yule dada wa kwenye simu, mwenye sauti laini, akimwambia kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa. Watu wa Mgungani wakamzoea dada huyo kuliko diwani wao. Mzee Zefania, ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka, alikuwa na lalamiko moja tu juu yake: "Katibu wa diwani ana adabu, ila shikamoo hajui."

Alute alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa nzuri. Laini yake ilikuwa ya mtandao wa Kito. Mnara wa Kito uko mbali, na mawimbi yake yakifika Mgungani yanakuwa yameshachoka njiani. Huko bondeni waliko watu wengi, ni kweli, Kito haishiki. Lakini nyumba ya diwani ilijengwa kilimani, na kilimani Kito ilishika barabara. Kila Jumamosi alitazama mpira kwenye simu mwanzo mpaka mwisho bila picha kukwama. Mpira ukiisha, anaiweka simu kwenye hali ya ndege. Alute hakuwahi kupanda ndege maishani mwake, lakini simu yake ilikuwa angani mwaka mzima.

Si kwamba aliwachukia watu. Walimchosha tu. Kila simu ilianza na salamu ndefu na kuishia kwenye pampu. Pampu ya kisima cha Mgungani ilikufa wakati wa masika, na sasa ulikuwa mwezi wa nane tangu ife, akina mama wanakwenda bwawani alfajiri, wanachota maji ya rangi ya chai ya maziwa. Leah, mke wa diwani, naye alikuwa humo humo kwenye msafara, ndoo kichwani. Bwawa halimjui mke wa mheshimiwa. Alute alimwambia avumilie, mambo ya serikali yana taratibu zake.

Siku ya mkutano wa hadhara, uwanja wa shule ulijaa. Alute alijiandaa kwa maswali ya pampu; alikuwa na majibu matatu na yote yanaanza na "mchakato". Aliyenyoosha mkono wa kwanza ni Marietha, mama mmoja mfuga nyuki, mwenyekiti wa kamati ya maji. Diwani akakaza shingo.

"Mheshimiwa, mimi leo sina swali la pampu," Marietha alisema.

Shingo ikalegea.

"Nina swali la simu. Mbona hupatikani?"

Hapo Alute akasimama, mkono kifuani. "Ndugu zangu, mnadhani mimi sioni uchungu? Ni huu mtandao wa Kito. Ningeweza kuhamia Tausi hata leo, Tausi inashika kata nzima. Lakini namba hii ndiyo mliyonayo ninyi, wazee wangu, mama zangu. Nikiibadili, nitakuwa nimewatupa. Nateseka na Kito kwa ajili yenu!"

Wakapiga makofi. Mzee Zefania, ambaye hakusikia vizuri, alipiga zaidi ya wote.

"Kwa hiyo kikwazo ni namba tu?" Marietha aliuliza makofi yalipotulia.

"Namba tu, mama."

"Ungeipata Tausi na namba ibaki hii hii, ungehama?"

"Mchana kweupe, mbele ya watu!"

"Basi tunashukuru," Marietha alisema, akageuka nyuma. "Faith, mwanangu, njoo."

Akajitokeza binti mwembamba mwenye fulana ya Tausi, mwamvuli kwapani na mashine ya alama za vidole mkononi. Alikuwa wakala, ametoka Mitundu kwa bodaboda asubuhi ile, nauli amelipiwa na kamati ya maji. Akaamkia wazee, kisha akaeleza kwa sauti ya kukariri kwamba siku hizi mtu anahama mtandao na namba yake, kama vile mtu anavyohama nyumba na jina lake. Unasajili laini mpya, unatuma neno HAMA kwa laini ya zamani, basi.

Diwani alihisi jasho linamshuka mgongoni. "Jambo jema sana," alisema. "Ila namba ya kitambulisho cha taifa siikumbuki kichwani. Tufanye wiki ijayo."

"Ninayo hapa," sauti ikatoka kwa akina mama. Alikuwa Leah. Alisimama akaisoma yote kutoka kwenye simu yake, polepole. Alute alimtazama kwa huruma. Maskini mke wangu, aliwaza, anadhani ananisaidia.

Kidole gumba chake kilikataliwa na mashine mara ya kwanza. Kikakataliwa mara ya pili. Tumaini likaanza kuchomoza. Faith akakikamata kile kidole, akakipangusa kwa pindo la fulana yake kama anayemfuta mtoto kamasi. "Ni jasho tu, mheshimiwa." Mara ya tatu mashine ikalia *tii*, na umati ukashangilia kama timu imefunga goli. Ujumbe wa HAMA akautuma mwenyewe, macho mia mbili yakiwa juu ya kidole chake.

Kufikia alasiri alikuwa mtu wa Tausi. Na Tausi haikuwa na aibu: ilishika sebuleni, ikashika shambani, ikashika hata chooni. Jioni hiyo simu ziliingia kumi na nne. Asubuhi yake akaamua yatosha, akairusha simu angani kama kawaida yake.

Haikupita saa moja. Alisikia kilio njiani, akatoka nje. Akina mama wanapandisha kilima na unga vichwani, vijana wamebeba kuni, Mzee Zefania mbele na fimbo yake.

"Kuna nini?" Alute aliuliza.

"Tulikupigia, hupatikani," alisema Marietha, akitua unga chini. "Na mtandao sasa upo. Tukasema basi, mheshimiwa ametutoka. Tumekuja msibani."

"Mimi niko hai!"

"Tunamshukuru Mungu. Lakini ukizima tena, tutakuja tena. Maiti haimsubiri mtu."

Wakala ugali wa msiba wao hapo hapo uani kwake, kwa mboga yake, wakashuka. Kuanzia siku hiyo hakuthubutu kuizima. Walimpigia kwa zamu. Alfajiri walipiga wa bwawani, kelele za ndoo zikisikika nyuma yao. Saa nne walipiga walimu. Saa saba kamili alipiga Mzee Zefania.

"Mheshimiwa, upo?"

"Shikamoo mzee. Nipo. Una shida gani?"

"Sina shida. Nilitaka kujua tu kama upo."

Siku ya tano Alute alipanda bodaboda hadi Mitundu, akamkuta Faith chini ya mwamvuli wake, anaposajili laini za mitandao yote. "Binti, nirudishe Kito."

"Haiwezekani, mheshimiwa. Ukishahama, lazima ukae siku thelathini ndipo uruhusiwe kuhama tena."

"Hata kama ni kiongozi?"

"Mashine haijui kiongozi."

Siku ya kumi na mbili alisalimu amri. Alivaa suti akaenda mjini kwenye ofisi ya maji, si kwa sababu pampu ilimuuma, bali apate chochote cha kuwajibu wale wa alfajiri. Fundi mkuu, mtu mmoja mnene aitwaye Sixbert, alimwona mlangoni akaruka kutoka kitini.

"Diwani wa Mgungani! Ndugu yangu, ulikuwa wapi? Kifaa cha pampu yenu kimekaa stoo mwezi wa saba huu. Ilihitajika saini yako tu."

"Saini yangu?"

"Yako tu. Tumekupigia mpaka tukachoka. Kila siku hupatikani."

Alute alitazama sakafu. Kwa kitambo kidogo aliona aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Akamwona Leah na ndoo yake, akahesabu miezi. Kama angebaki na aibu hiyo hadi nyumbani, pengine ingemfaa. Lakini njia ni ndefu, na kabla bodaboda haijapita nusu yake alikuwa tayari ameshatunga hotuba.

Mafundi walikuja, kifaa kikafungwa, maji yakatoka. "Nimepambana!" Alute aliwaambia watu kisimani. "Nimeingia ofisi za watu, nimegonga meza, nimesema Mgungani haitaonewa nikiwa hai!" Akasubiri makofi. Hakuna aliyepiga. Mikono yote ilikuwa imeshika ndoo. Nyuma yao Sixbert alikuwa anafuta grisi mikononi, akimsimulia Marietha habari ya saini, tena kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea karibu na injini.

Siku ya thelathini na moja, kabla hata Faith hajafungua mwamvuli, diwani alikuwa ameshafika. Alihama. Akarudi kilimani kwake mtu wa Kito, namba ile ile, akainyanyua simu yake angani, akalala usingizi wa mchana ambao hakuwa ameuonja mwezi mzima. Wakija na kuni zao atawaambia Tausi ilimlia vifurushi. Sababu haziishi duniani.

Siku ya pili yake, wakiwa mezani wanakula, simu ya Leah ikalia. Akaipokea, akasalimia vizuri, akacheka kidogo, kisha akamnyooshea mumewe.

"Yako."

"Yangu? Nani amempa mtu namba yako?"

"Mimi," alisema Leah, akijiongezea mboga. "Nimewapa wote, siku ile ile ya mkutano."

"Leah! Mke wangu! Kwa nini?"

"Nimebeba maji kichwani miezi minane, Alute. Pokea, mtu anasubiri."

Akaipokea kwa vidole viwili, kana kwamba ina moto. Alikuwa Marietha. Pampu ilikuwa nzima, Mungu ashukuriwe. Sasa ni daraja la kule bondeni, mvua zikianza watoto hawatavuka kwenda shule.

Diwani akaiweka simu mbali kidogo na sikio. "Haloo? Mama, hapa nakusikia vibaya, nadhani ni mtandao..."

Leah akainama kuelekea kwenye simu, tonge bado mkononi.

"Anakusikia vizuri kabisa, dada. Endelea."