Kesi ya Askari Aliyetetemeka Ukaidini

Nchi ya Ukaidi imepakana na nchi ya Inadi, na baina yao pana kilima kisichoota hata mchicha. Kwa ajili ya kilima hicho mataifa hayo mawili yalipigana miaka kumi na moja. Jeshi la Ukaidi lilipochoka kupigana lilichimba handaki, na kila handaki masika yalilijaza maji, na maji hayo yakawapa mbu makazi ya raha ambayo hakuna raia aliyewahi kuyaonja. Homa ikawa inaua watu kumi pale upanga ulipoua mmoja. Lakini Bwana Majivuno, Waziri wa Vita, alikuwa ametunga sheria inayokataza kufa kwa homa wakati wa vita, hivyo kila maiti iliandikwa kuwa imeuawa na Inadi. Basi hasira zilizidi, na mahandaki yakazidi. Hospitali ya pekee iligeuzwa ghala la silaha, na vyandarua vyote vikachukuliwa kufunikia mizinga isionekane na adui. Loo! Watu walilala wazi, mizinga ikalala ndani ya chandarua.

Sheria nyingine ilihusu kutetemeka. Askari aliyetetemeka alihesabiwa mwoga, na adhabu yake ilikuwa kusimama kifua wazi ukingoni mwa handaki jioni saba mfululizo. Kwa kosa hilo alishtakiwa askari mmoja, jina lake Stahimili, mbele ya Kadhi Batili.

"Mshitakiwa," alisema Kadhi, "unatetemeka mbele ya baraza tukufu. Unamwogopa nani?"

"Simwogopi mtu, Mheshimiwa. Nasikia baridi."

"Jua lote hili, baridi umeitoa wapi kama si kwa adui?"

Baraza likapiga makofi. Mkewe Stahimili, tabibu aliyeitwa Busara, akaomba ruhusa ya kusema.

"Mheshimiwa Kadhi, mume wangu ana homa ya mbu. Mguseni, mwili unachemka! Namwombea kitanda, dawa na chandarua kimoja. Mkimsimamisha ukingoni mtanirudishia maiti, nami nampenda mume huyu."

"Chandarua!" Majivuno aliruka kitini. "Unataka mzinga wa taifa ulale wazi?"

"Mzinga hauugui, Bwana Waziri."

"Hauugui kwa sababu una chandarua!"

Kadhi Batili alitwaa kalamu aandike hukumu. Mkono ukamtetemeka. Ukafuata wa pili, kisha meno yakaanza kugongana kwa kelele hata karani akadhani anasomewa maneno ya kuandika. Baraza zima lilimkodolea macho, maana sheria ilikuwa wazi na kila mtu aliijua.

"Kutetemeka," alisema Kadhi kwa taabu, "kuko namna mbili: kwa woga na kwa ghadhabu. Mimi nimeghadhibika. Na kwa kuwa mshitakiwa anatetemeka sawasawa na mimi, naye ameghadhibika. Hana hatia!"

Busara alipiga kigelegele huku machozi yanamtoka. Hakukimaliza, kwani Majivuno alikwisha simama.

"Hongera, Stahimili! Ghadhabu kubwa namna hii haiwezi kulazwa kitandani. Apelekwe mstari wa mbele leo hii!"

Kadhi alikwenda zake nyumbani kughadhibika chini ya mablanketi matatu. Stahimili alibebwa kwa machela, upanga umefungwa mkononi kwa kamba kwa sababu vidole havikuweza kuushika. Siku ya tatu alikufa, hajamwona hata askari mmoja wa Inadi. Majivuno aliandika kwamba ameuawa na adui, akaagiza lichimbwe handaki jipya, refu kupita yote, lipewe jina la marehemu.

Siku ya kuanza kuchimba, ngoma zilipigwa kando ya handaki la zamani, na mjane akaitwa mbele. Waziri alimkabidhi jembe kwa mikono miwili.

"Bibi Busara, heshima ya pigo la kwanza ni yako."

Busara alilipokea. Aliwapa kisogo Waziri na ngoma zake, akaligeukia handaki la zamani lenye maji, akaanza kulifukia.