Mji Ambao Absalom Hakuutembea

"Swali langu ni moja tu," alisema Waweru, akiipangusa televisheni vumbi kwa kitambaa. "Ukitembea, ukitembea, ukitembea, mwishowe unagonga nini?"

"Hugongi kitu," alijibu Absalom.

"Gemu zote ziko na ukuta, bwana. Hata hii ya magari, ukitoka kwa barabara inakurudisha kama mtoto wa nasari."

"Hii haikurudishi. Inakuacha uende. Ukichoka na barabara unaingia kichochoro. Ukiona mlango unabisha, mwenyewe anafungua, mnasalimiana."

"Mnasalimiana kwa lugha gani?"

Wateja waliokuwa wamebanana kwenye benchi wakaangua kicheko. Absalom naye akacheka, kicheko cha mtu anayejua jambo ambalo wenzake hawajalijua. Kumbe kweli alikuwa na jambo analolijua peke yake, ila halikuwa lile walilodhani.

Chumba cha gemu cha Waweru kilikuwa Kaloleni, katika nyumba ya kona, na kibanda cha Absalom cha kutengeneza redio kiliegemea ukuta wake wa nje. Mwaka huo wa tisini na nane, vijana wa mtaa na watu wazima wasiojiheshimu, Absalom akiwa wa kwanza wao, walikuwa na habari moja tu mdomoni: gemu mpya inakuja ambayo ndani yake kuna mji mzima. Hupigani na mtu hadi aanguke, hushindani mbio. Unaishi tu. Unaamka, unatembea, unaingia dukani. Jina lake la Kizungu lilikuwa refu na kila mtu alilitamka kivyake, kwa hiyo wakaliita Mji, yakaisha.

Waweru alitaka kuamini lakini biashara ilimkataza. "Gemu ya kupigana inaisha, mtu anatoka kwa kiti, mwingine anakaa. Sasa hii ya kuishi, mtu atatoka lini? Akioa huko ndani?"

"Utamtoa kwa saa, kama bwana wa teksi," Absalom akamwambia.

"Na inataka mashine mpya. Hii yangu haiwezi. Absalom, mimi ni mtu wa kuja hapa, sina shamba la kuuza. Nikinunua mashine na hiyo gemu iwe na ukuta, nitafunga mlango nirudi kwetu. Wewe ni fundi. Niangalie kwa macho uniambie. Uliicheza?"

Absalom alimwangalia kwa macho. "Niliicheza."

Hapo ndipo ubaya wote ulipokuwa. Alikuwa amekwenda Nairobi kutafuta vipuri, akaingia duka moja la vyombo vya umeme kukwepa mvua. Ndani palikuwa na televisheni kubwa, na mbele yake, juu ya kiti kirefu, kontrola. Kwenye skrini kijana wa kuchorwa alikuwa amesimama kando ya barabara yenye maduka. Absalom akaichukua kontrola, akabonyeza. Kijana akaanza kutembea. Akabonyeza kulia, kijana akageuka kulia. Alipotaka kuingia duka la mkate, kijana akaingia duka la mkate. Moyo ulimdunda Absalom mpaka akasahau vipuri. Akatembea mji ule huku ameinama mbele, ametoa ulimi nje kidogo, mwanamume mwenye mke na ndevu, na nyuma yake watu wakaanza kukusanyika. Akadhani wanastaajabia ufundi wake.

Mwishowe binti wa dukani akamgusa bega. "Mzee, hiyo ni video tu. Tunawaonyesha watu vile itakuwa. Gemu yenyewe haijatoka."

Absalom akatazama chini. Waya wa kontrola ulikuwa unaning'inia hewani, ncha yake haikuchomekwa popote. Yeye, ambaye mteja akimletea redio iliyokataa kuongea huanza kwa kumuuliza, "Umechomeka?", kisha humcheka wiki nzima.

Alirudi mvuani bila vipuri. Na aliporudi Kaloleni, kabla ya kuketi, mtu akamuuliza kama kuna jipya Nairobi. Mdomo ukajibu kabla ya akili: "Nimecheza Mji." Tangu hapo mji ule ulikua kila wiki. Wiki ya kwanza ulikuwa na maduka. Ya pili ukapata soko na kituo cha polisi. Juzi, mteja mmoja alipouliza kama unaweza kufika majini, Absalom akauwekea ziwa, na samaki ndani yake.

*

Shemeji yake Dalmas alimsikia akilieleza ziwa hilo.

Dalmas ni kaka wa Seline, mke wa Absalom, anaishi na mama yao Nyakach, si mbali na Katito. Siku hiyo alikuja mjini kuwasalimia, akampitia Absalom kibandani, akakuta mkutano umepamba moto kwa Waweru. Akasimama mlangoni na kofia mkononi, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamvuta Waweru pembeni wakazungumza, na Absalom aliwaona wakipeana mikono.

"Ora," Dalmas alimwambia wakitoka, maana hivyo ndivyo mashemeji wa huko wanavyoitana, "sitaki kulima maisha yangu yote. Waweru anatafuta mtu wa kuungana naye anunue hiyo mashine. Nimemwambia mimi niko."

"Ora, hizi gemu ni kitu cha..." Absalom akaanza.

"Kama ni mtu mwingine alisema, ningekataa. Lakini ni wewe."

Sentensi ilikuwa tayari, fupi, ya maneno mawili: sikuicheza mimi. Haikutoka. Kwa mtu baki ungeitupa ikaenda, lakini kwa shemeji? Mbele ya upande wa mke mwanamume huwa anakaa kama amevaa suti ya kuazima. Hainami sana, haneni sana, asije akapasuka nyuma.

Siku zikapita, akijipa moyo kwamba Dalmas atakosa njia. Asubuhi moja Seline, akikoroga uji, akasema, "Leo Dalmas anapeleka lile dume jekundu sokoni Katito. Anauza aje alipe upande wake kwa Waweru."

"Dume jekundu lipi?"

Seline akamtazama. "Kuna mangapi?"

Lilikuwa moja tu. Absalom mwenyewe ndiye aliyelipeleka kwa kina Seline, pamoja na majike, alipomwoa. Na ng'ombe za dada ndizo humwolea kaka. Lile dume lilikuwa linangoja siku Dalmas atakapopata mchumba, liende kwa watu wengine kwa heshima ile ile. Sasa lingekwenda buchani kwa ajili ya ziwa ambalo Absalom alilichimba kwa mdomo.

"Seline," akasema, "ile gemu..."

"Eeh?"

"Ni nzuri sana?" Hata yeye hakujua kwa nini aligeuza ikawa swali.

"Si wewe ndiye uliicheza, yawa! Kunywa uji."

Hakunywa. Alifunga kibanda kabla hajakifungua, akaenda Katito.

*

Soko la mifugo lilikuwa limejaa, vumbi na milio ya ng'ombe, watu wakipapasa mbavu za wanyama wasio wao. Absalom alimwona Dalmas upande wa ua wa miti. Mnunuzi, mzee mmoja mwembamba aitwaye Zadock, aliyejulikana soko zima kwa bei mbaya na utani mzuri, alikuwa ameshaishika kamba ya dume jekundu, mkono mwingine uko mfukoni.

"Ora! Usiuze!" Absalom akapaza sauti kutoka mbali.

Dalmas akageuka. Zadock akageuka. Wauzaji wa pande zote mbili wakageuka pia.

"Usiuze hiyo ng'ombe, ora. Nakuomba."

"Huyu ni nani kwako?" Zadock akauliza.

"Mume wa dada yangu," Dalmas akasema polepole.

"Na ng'ombe ilitoka kwake?"

Dalmas hakujibu, na kutojibu kulitosha. Mlio mmoja ukapita katikati ya watu, "Wuololo!", na hapo Absalom akatambua alichokifanya. Mwanamume aliyelipa mahari haulizi habari za ng'ombe zake. Haziangalii, hata zikipita mbele yake barabarani. Siku anapozifuata na kusema hii isiuzwe, anataka kitu kimoja tu: arudishiwe mali, nao wachukue binti yao.

Zadock aliiachia kamba kama imemchoma. "Mimi sinunui kesi. Kijana, kama umechoka na mama watoto sema nyumbani, si sokoni!"

"Sijachoka naye!"

"Basi ng'ombe ya nini?"

"Amekufanyia nini Seline?" Sauti ya Dalmas ilikuwa imeshuka, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Ungeniambia juzi, ora. Nilikuja hadi kwako. Nilikula chakula amepika."

Absalom akafungua mdomo, na kabla hajasema, watu wakajigawa kupisha mtu. Alikuwa Mama Dorca, mkwewe, aliyeuza kamba za katani upande wa pili wa soko na ambaye tayari alikuwa ameletewa habari ikiwa imenoga. Alisimama hatua kadhaa mbali, kama inavyopasa mkwe kusimama, akafunika mdomo kwa pembe ya leso, macho chini. Absalom pia akaangalia chini. Wakawa wawili wanaangalia vumbi, na soko linawaangalia wao.

"Nimesikia unataka kumrudisha mtoto wangu," Mama Dorca akasema. "Sema mbele yangu nisikie."

Absalom akaona njia zake ni mbili. Akinyamaza, jioni hiyo Seline atakuwa ameachwa katika kila nyumba ya Nyakach bila yeye mwenyewe kujua. Akisema, atasema pale, mbele ya mama wa mke wake.

"Mama, Seline hana kosa. Ni mimi. Niliwadanganya watu nimecheza gemu."

"Umecheza nini?"

"Gemu. Ya televisheni."

Mama Dorca akamtazama Dalmas amsaidie kutafsiri, lakini Dalmas alikuwa amekaza macho kwa shemeji yake. "Si ulisema uliishika kwa mkono?"

"Niliishika. Lakini ilikuwa inajicheza yenyewe, ora. Ilikuwa video. Mimi nabonyeza, kijana anatembea, nikadhani namtembeza. Mpaka msichana wa duka akaniambia. Nikaangalia waya..." Akakwama.

"Waya umefanya nini?" Zadock akauliza kwa hamu. Ng'ombe alikuwa ameshamsahau.

"Haukuwa umechomekwa."

Zadock akajishika kiuno, akainama, na kicheko kikamtoka kwa ndani kabisa. "Fundi! Fundi wa redio! Nilimletea huyu redio yangu mwaka jana, akaniuliza mbele ya watu kama nimeweka betri!" Ua mzima ukalipuka. Wasioelewa gemu ni nini walieleweshwa na walioelewa nusu, nao wakacheka zaidi.

Dalmas hakucheka. "Na wale watu wa kufungua mlango?"

"Hakuna mlango niliobisha."

"Na soko?"

"Sijui kama kuna soko."

"Na ziwa, ora? Na samaki?"

"Ziwa niliweka mwenyewe," Absalom akasema. "Hata kama gemu itatoka, sijui. Hata kama iko na ukuta, sijui. Usiuze ng'ombe kwa neno langu."

Alitamani wamtukane. Mama Dorca aliondoa leso mdomoni, akamwangalia mkwewe usoni kwa mara ya kwanza tangu harusi, akamwangalia kwa muda wa kutosha kumjua.

"Kwa hivyo mtoto wangu haachwi?"

"Haachwi, mama."

"Basi huo ujinga mwingine ni wenu." Akageuka, akaanza kuelekea nyumbani.

Dalmas akaiokota kamba vumbini. Akaizungusha mkononi, akafikiri, kisha akamnyooshea Absalom. "Umeizuia wewe. Utaipeleka wewe."

"Ora, siwezi kuonekana nikiiswaga ng'ombe ya..."

"Utaipeleka wewe."

Wakatoka sokoni hivyo: Mama Dorca mbele bila kugeuka, Absalom na dume jekundu katikati, Dalmas nyuma na fimbo. Dume halikuwa na haraka. Lilisimama kwenye kila jani, na kwenye kila jani palikuwa na mtu.

"Mkwe! Unaleta ng'ombe ingine?" mwanamke mmoja akamwita kutoka kisimani.

"Anaeleza mwenyewe au nieleze mimi?" Dalmas akauliza kutoka nyuma.

Absalom akakaza macho kwa pembe za dume. Basi Dalmas akaeleza, kuanzia dukani hadi kwenye waya, na mwanamke akaweka ndoo chini ili acheke vizuri. Wakapita posho mill, Dalmas akaeleza tena. Wakapita kwa fundi baiskeli, akaeleza, na safari hiyo akaongeza kwamba ulimi ulikuwa umetoka nje, jambo ambalo Absalom hakumwambia.

"Ora, unaweza kunyamaza mpaka tufike?"

"Hapana. Na kesho tunaenda kwa Waweru. Huko utaongea wewe. Mimi nitakaa kwa benchi."

Mbele, kwenye njia panda, katekista wao alikuwa anakuja kwa baiskeli, yule yule aliyewafundisha Absalom na Seline kabla ya kufunga ndoa. Aliona dume, akaona kamba imo mkononi mwa nani, akaanza kufunga breki, uso umemjaa wasiwasi. Dalmas akakohoa kusafisha koo.

Absalom alivuta kamba, dume likasimama.

"Baba katekista," akasema, kabla ya baiskeli kutulia, "sijamwacha Seline. Kuna gemu fulani bado haijatoka, na mimi nilisema nimeicheza."